Scarborough Fair ni ya nani? Martin Carthy na wimbo usio na mtunzi

Wimbo wa kwanza kwenye santuri ya Simon and Garfunkel iliyotoka Oktoba 1966 umeandikwa majina mawili ya watunzi: Paul Simon na Art Garfunkel. Anayesoma lebo hiyo ataamini kwamba vijana wawili wa New York walikaa wakautunga "Scarborough Fair". Ukweli ni kwamba fumbo lililomo ndani ya maneno yake lina zaidi ya miaka 300. Mahadhi yake yalitoka kinywani mwa mzee mmoja mstaafu wa machimbo ya madini ya risasi, kaskazini mwa Uingereza. Na lile gitaa linalozunguka chini ya sauti, ambalo ukilisikia sekunde chache tu unajua wimbo ni upi, lilitokana na mpangilio wa kijana wa London aitwaye Martin Carthy.

Kwa miaka mingi kisa hiki kimesimuliwa kama wizi mtupu: Mwingereza maskini, Mmarekani tajiri, wimbo umekwenda. Simulizi hiyo inavutia, lakini nadhani ni nyepesi mno. Kabla ya kuuliza nani alimwibia nani, lazima tujue ni kitu gani hasa kinachoweza kuibwa katika wimbo wa jadi. Hapo ndipo mambo yanapochanganya, na maisha ya Carthy ni mahali pazuri pa kuyachambulia, kwa sababu yeye mwenyewe amesimama pande zote mbili za ugomvi huo.

Tuanze na wimbo wenyewe. Scarborough ni mji wa pwani ya Yorkshire. Mwaka 1253 Mfalme Henry III aliupa hati ya kufanya gulio kila mwaka, kuanzia katikati ya Agosti kwa siku 45, na wafanyabiashara walivuka bahari kulifuata. Gulio hilo lilikufa mwaka 1788, jina likabaki kwenye wimbo. Ndani yake mtu anamwomba msafiri anayekwenda gulioni amsalimie mwanamke aliyewahi kumpenda, kisha anamtuma masharti: amshonee shati lisilo na mshono wala alama ya sindano, akalifue kwenye kisima kikavu. Akiweza, watarudiana. Katika matoleo marefu mwanamke naye hanyamazi. Anataka shamba lililo kati ya maji ya chumvi na mchanga wa pwani, lilimwe kwa pembe ya kondoo dume. Yaani hawa wanajibizana kwa mafumbo, na kila mmoja anamwambia mwenzake "haiwezekani" bila kulitamka neno hilo.

Francis James Child, profesa wa Harvard aliyekusanya nyimbo 305 za masimulizi za Uingereza na Uskoti na kuzichapisha kati ya 1882 na 1898, aliliweka fumbo hili namba 2 katika orodha yake. Toleo la zamani alilolipata lilichapwa kwenye karatasi ya kuuzwa mitaani karibu mwaka 1670, na humo anayetoa masharti ni jini wa msituni. Mwaka 1891 Frank Kidson wa Leeds alichapisha "Scarborough Fair" ya Yorkshire, lakini mahadhi yake si haya tunayoyajua. Kwa hiyo hakuna "Scarborough Fair" moja. Kuna ukoo mzima wa nyimbo zinazofanana sura.

Hii iliyokuja kuwa maarufu duniani ina njia inayoweza kufuatwa. Mwaka 1947 Ewan MacColl, mwigizaji na mwimbaji, aliipata kwa Mark Anderson, yule mzee wa machimbo, huko Middleton-in-Teesdale. Mwaka 1960 MacColl na mwenzi wake Peggy Seeger waliichapisha katika kitabu chao cha nyimbo, The Singing Island. Carthy aliichukua kitabuni. Naomba msomaji alikumbuke jina la Mark Anderson, maana katika mabishano yote ya baadaye kuhusu fedha na heshima, ni nadra sana mtu kulitaja.

Martin Carthy alizaliwa Hatfield tarehe 21 Mei 1941, akakulia Hampstead, kaskazini mwa London. Utotoni aliimba kwaya ya kanisa. Alipomaliza shule aliingia kwenye majumba ya maigizo, akifanya kazi za nyuma ya jukwaa na kuigiza sehemu ndogondogo. Gitaa lilimjia kwa njia ileile lililowajia vijana wengi wa kizazi chake: katikati ya miaka ya 1950 Lonnie Donegan aliwasha moto wa muziki rahisi wa gitaa na ubao wa kufulia, na ghafla kila mtaa wa Uingereza ukawa na kikundi. Vijana hao waliimba nyimbo za Marekani, za reli na magereza ambayo hawakuwahi kuyaona. Carthy naye alikuwa huko, akiwasikiliza wapiga gitaa wa Marekani, Big Bill Broonzy na Elizabeth Cotten, na kujaribu kupiga kama wao.

Kilichombadilisha ni mvuvi. Akiwa na miaka 17 alikwenda kwenye klabu ya MacColl jijini London, usiku ambao mgeni alikuwa Sam Larner, mzee wa karibu miaka 80 kutoka kijiji cha Winterton, Norfolk, aliyeanza kwenda baharini akiwa mtoto. Larner aliimba bila ala yoyote. Carthy ameusimulia usiku huo mara nyingi: mahadhi ambayo hayakwenda alikotegemea, mapigo yanayofuata maneno badala ya maneno kufuata mapigo, na mzee anayemkazia macho msikilizaji kama mtu anayekupa habari ya jirani yako. Kijana aliyedhani nyimbo za jadi ziko Mississippi alikuta kuna nyingine saa chache tu kwa treni kutoka nyumbani kwao.

Lakini hapo lilizuka tatizo la kiufundi, na ufumbuzi wake ndio hasa mchango wa Carthy kwa muziki. Waimbaji wa jadi wa Uingereza kwa sehemu kubwa waliimba peke yao, bila gitaa. Nyimbo zao nyingi ziko kwenye skeli za zamani, yaani ngazi za noti, ambazo hazikubaliani na zile kodi za kawaida (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ambazo kila anayejifunza gitaa huanza nazo. Ukizipigia kodi za Kimarekani, wimbo unapinda. Unapata utamu usiokuwa wake, na mwisho wa mistari unalazimishwa kutua mahali ambapo mwimbaji hakutua. Mtu afanyeje? Wengine walisema gitaa liachwe kabisa. Carthy alikataa. Kwa miaka mingi aliendelea kulegeza na kubadili nyuzi mpaka akafikia tuni yake, C G C D G A kuanzia uzi mnene, ambayo humwezesha kupiga mahadhi yaleyale anayoyaimba huku kidole gumba kikigonga nyuzi za chini kama ngoma. Kodi nzito ni chache. Nafasi tupu ni nyingi. Mtu akisikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani gitaa lina hasira.

"Scarborough Fair" ni ya kabla hajafika huko, na ni laini kuliko kazi zake za baadaye, lakini fikra tayari imo: gitaa halifuniki wimbo, linazunguka chini yake bila kuulazimisha uende popote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akiupiga kwenye mkahawa wa Troubadour huko Earl's Court na kwenye vyumba vya juu vya baa ambako klabu za nyimbo za jadi zilikutana. Aliurekodi kwenye santuri yake ya kwanza mwaka 1965, Dave Swarbrick akiwa naye kwenye fidla katika baadhi ya nyimbo.

Miaka miwili na ushee kabla ya santuri hiyo, wageni walianza kufika. Desemba 1962 Bob Dylan, mwimbaji kijana wa miaka 21 ambaye nje ya New York hakuna aliyemjua sana, aliletwa London kuigiza katika tamthilia ya BBC. (BBC baadaye waliifuta kanda ya tamthilia hiyo, jambo ambalo mashabiki wake hawajalisamehe hadi leo.) Majira yale ya baridi yalikuwa makali kuliko yote ambayo Waingereza wengi walikuwa wameyaona, na Carthy husimulia kwamba nyumbani kwake walikuwa wakikatakata piano mbovu kwa upanga wa kijapani ili wapate kuni. Dylan, anasema, alishtuka kuona ala ya muziki ikifanyiwa hivyo, kisha akauomba upanga ajaribu.

Dylan alimsikia Carthy akiimba "Scarborough Fair" na "Lord Franklin". Aliporudi kwao, ya kwanza ikazaa "Girl from the North Country", yenye ile salamu ya kumfikishia mpenzi wa zamani, na ya pili ikampa mahadhi ya "Bob Dylan's Dream". Zote mbili zilitoka mwaka 1963 zikiwa zimesajiliwa kwa jina lake. Hata hivyo, maelezo ya jalada yalimtaja Carthy, na kwa miaka yote iliyofuata Carthy amemzungumzia Dylan kwa upendo.

Kisha akaja Paul Simon. Kati ya 1964 na 1965 alikaa sana Uingereza, akizunguka klabu hizohizo kwa treni na gitaa, na wimbo akaupata kwa Carthy. Mwaka 1966 ukatoka kwa jina la "Scarborough Fair/Canticle". Mwishoni mwa 1967 ukasikika ndani ya filamu The Graduate, na mwaka 1968 ukatolewa peke yake kama singo na kufika namba 11 kwenye chati ya Billboard ya Marekani. Kwenye lebo hapakuwa na neno "jadi" wala jina la Carthy.

Sasa tuutenganishe huu wimbo kisheria. Unaposikia rekodi ya wimbo wa jadi, unasikia vitu kadhaa vilivyobebana.

Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi. Leo nchini Uingereza hakimiliki ya utunzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 70 baada ya kifo chake. Katika miaka ya 1960 ilikuwa miaka 50. Wimbo ambao mtunzi wake hajulikani, na ambao umezunguka karne kadhaa, ni mali ya umma. Anderson hakuumiliki, MacColl hakuumiliki, Carthy hakuumiliki, na Simon hakuwa na cha kuiba hapo.

Juu ya utunzi kuna mpangilio: namna gitaa linavyopigwa, sauti ya pili inavyoingia, mwendo, viungo. Mtu akiweka ustadi wake wa kutosha katika kuupanga wimbo wa zamani, sheria humpa hakimiliki ya ule mpangilio, bila kumpa wimbo. Ndiyo maana lebo nyingi za santuri za aina hii huandikwa "Trad. arr.", yaani ni wimbo wa jadi, uliopangwa na fulani. Hapa ndipo Carthy alipokuwa na hoja. Malalamiko yake hayakuwa "umeniibia wimbo". Kwa haki, yalipaswa kuwa "umechukua mpangilio wangu".

Na juu ya vyote kuna rekodi, sauti iliyonaswa siku ile studio, ambayo ina hakimiliki yake na kwa kawaida humilikiwa na kampuni.

Kwa kesi hii kuna tabaka jingine ambalo watetezi wa Carthy hupenda kulisahau. Ile "Canticle", sauti za pili zinazopita nyuma ya wimbo na kuzungumzia askari na vita, kweli ni kazi ya Simon na Garfunkel. Maneno yake yalitoka kwenye wimbo wa Simon, "The Side of a Hill", nayo yakawekewa mahadhi mapya. Kwa hiyo majina mawili kwenye lebo hayakuwa uongo mtupu. Nusu ya kile tunachokisikia waliitunga kweli. Kosa ni kwamba nusu hiyo iliimeza nyingine.

Mbona ilikuwa rahisi kumeza? Ni kwa sababu ya fomu. Santuri ikiuzwa au wimbo ukipigwa redioni, mirabaha hukusanywa na kugawanywa kwa kufuata majina yaliyosajiliwa. Palipo na jina la mtunzi, fungu linajua pa kwenda. Palipoandikwa "jadi" bila jina lolote, fungu la mtunzi halina mwenyewe. Wachapishaji wa muziki, ambao huchukua sehemu yao kabla fedha hazijamfikia msanii, walilijua hilo vizuri, na msanii kijana aliyesaini mkataba kwa furaha ya kupata santuri yake ya kwanza mara nyingi hakulijua. Mfumo mzima ulijengwa kwa ajili ya watu wanaotunga. Ulipokutana na watu wanaorithi na kurithisha, ukawalazimisha nao wajiite watunzi au watoke mikono mitupu.

Ukilipima kwa sheria tu, Dylan na Simon walifanya jambo linalofanana: kila mmoja aliondoka London na kitu cha Carthy akakisajili kwa jina lake. Lakini mmoja amepewa shukrani na mwingine kinyongo cha zaidi ya miaka 30, na sidhani kwamba hilo ni upendeleo. Dylan aliugeuza wimbo ukawa mwingine, na aliyemfundisha akatajwa. Simon aliuacha wimbo ukiwa uleule, gitaa likiwa karibu lilelile, na mahali pa kutaja pakawa kimya. Fedha ziliuma, bila shaka, kwa mtu aliyeishi kwa malipo ya klabu ndogo usiku baada ya usiku. Kimya kiliuma zaidi.

Ninasema hivyo kwa sababu ya namna Carthy mwenyewe anavyochukua vya wengine. Mfano mzuri ni "Famous Flower of Serving-Men", uliomo kwenye santuri yake Shearwater ya mwaka 1972. Ni hadithi ya mwanamke ambaye mama yake anatuma wauaji usiku, wanamuua mume na mtoto. Anakata nywele, anavaa mavazi ya kiume, anakwenda kumtumikia mfalme, mpaka njiwa anapoimba ukweli msituni na muovu anachomwa moto. Maandishi ya zamani aliyokuwa nayo Carthy yalikuwa na mapengo, masimulizi yakichechemea. Akaziba, akaongeza beti, akaingiza vipande kutoka nyimbo nyingine, kisha akauvisha mahadhi aliyoyajua kwa Hedy West, mwimbaji wa Georgia, Marekani. Matokeo ni takriban dakika tisa ambazo wengi, nami nikiwemo, tunaziona kuwa kilele cha kazi yake. Je, ni wimbo wa karne ya 17 au wa mwaka 1972? Ni wa jadi au ni wa Carthy? Yeye alieleza alikotoa nini, akauacha uitwe wa jadi, na waimbaji wengine wakauchukua kama alivyoupanga. Amekuwa akisema kwa miaka mingi kwamba huwezi kuudhuru wimbo kwa kuubadili, na kwamba kinachouua ni kutoimbwa.

Mtu mwenye imani hiyo akimnunia mtu aliyeufikisha wimbo kwa mamilioni, kuna mkanganyiko, na Carthy aliuona. Baadaye alikiri hadharani kwamba kinyongo kile kilidumu kuliko kilivyostahili. Mwaka 2000 Simon alipofanya onyesho London alimwalika jukwaani, wakaimba "Scarborough Fair" pamoja. Hatua ya kwanza ilitoka kwa Simon, na hilo nalo liandikwe kwa upande wake.

Mwenye kumjua Carthy kwa kisa hiki pekee anajua sehemu ndogo sana. Mwaka 1970 aliingia kikundi cha Steeleye Span na kuwashangaza wahafidhina kwa kubeba gitaa la umeme. Mwaka 1972 alimwoa Norma Waterson, mwimbaji kutoka Hull, akajiunga na kikundi cha ndugu zake, The Watersons, walioimba kwa sauti tupu zenye ukali wa chumvi. Familia ilihamia Robin Hood's Bay, kijiji cha pwani ya Yorkshire kisicho mbali na Scarborough yenyewe. Binti yao Eliza, aliyezaliwa 1975, akawa mpiga fidla na mwimbaji mwenye jina lake mwenyewe, na wote watatu wakarekodi kama Waterson:Carthy kuanzia mwaka 1994. Miaka minne baadaye Carthy alipewa MBE, nishani ya heshima ya taifa la Uingereza. Norma alifariki Januari 2022.

Mei 2025, siku aliyotimiza miaka 84, Carthy alitoa Transform Me Then into a Fish, santuri yake ya kwanza ya peke yake baada ya miaka 21. Ndani yake alizirudia nyimbo za ile ya 1965, "Scarborough Fair" ikiwemo, na ikateuliwa kuwania tuzo ya Mercury, ya santuri bora ya mwaka nchini Uingereza.

Kwa anayetaka kuurekodi wimbo huu leo, hali ni hii. Maneno na mahadhi ya jadi ni bure, huhitaji kumwomba mtu. Sauti za "Canticle" si bure. Ukiziingiza unadaiwa na wenye haki zake. Rekodi ya Carthy ya 1965 inalindwa Uingereza kwa miaka 70, kwa hiyo itakuwa huru mwisho wa mwaka 2035. Mpangilio wake wa gitaa utaendelea kulindwa kwa miaka 70 baada ya kifo chake. Ukitaka kuukwepa, nenda kwenye mahadhi ya Mark Anderson na utafute njia yako mwenyewe ya kuyapigia, au imba bila gitaa kama alivyofanya Sam Larner.